Vitambaa Vitatu vya Sare

Nina wivu. Naanza na hilo ili msomaji asije akanitafutia sifa nisizo nazo. Si wivu wa mume. Mume wangu akichelewa kurudi najua yuko dukani anasoma maandishi ya nyuma ya kopo la nyanya. Wivu wangu ni wa rafiki, tena rafiki mmoja tu, na ndio ulionifanya siku moja ya Oktoba nimwache rafiki huyo huyo porini, na goti lake bovu, huku nikijua ninachofanya.

Tulikutana Columbia Heights, huku ughaibuni, kwenye jengo la matofali karibu na kituo cha basi, yeye ghorofa ya pili, mimi ya tatu. Wote Watanzania, wote tulikuja kusoma tukabaki. Yeye aliishia kwenye uuguzi. Mimi niliishia kwenye duka la miwani, ambako kazi yangu kutwa ni kuwauliza watu kama sasa wanaona vizuri zaidi au vibaya zaidi. Alipokuwa na zamu za usiku, binti yake alilala kwangu. Nilimsuka, nilimzoesha ndizi na nyama, nilikwenda vikao vya shule mama yake akiwa kalala. Mtoto alielewa Kiswahili chote na kujibu Kiingereza chote, ila mimi aliniita mama mkubwa, na neno hilo hakuwahi kulitafsiri.

Jumamosi zilikuwa zetu. Rafiki yangu alipanda ngazi na kanga yake kiunoni, tukamenya ndizi, tukawasema watu, tukapika, na jioni nikamfungia chakula kwenye mfuko wa plastiki. Fundo langu ni la nyumbani: unazungusha mara mbili, unarudisha ncha ndani, unakaza. Ndivyo mama yangu alivyofunga mizigo ya majani ya ng'ombe. Kwa kucha halifunguki. Kwa miaka kumi na mitano rafiki yangu aliyakata mafundo yangu kwa kisu huku akinilaumu, na mimi sikujifunza fundo jingine.

Kuna jambo la pili lazima nilitoe mapema. Mimi ni wa Moshi, na huku ukisema Moshi, watu wanakuuliza kama umeupanda mlima. Mara ya kwanza nilicheka, sikukataa. Sebuleni kwangu kuna picha nimesimama lango la Marangu, wanapoanzia wapanda mlima, nikiwa msichana. Nilikuwa nimempelekea chakula mjomba wangu mpagazi. Picha inaonyesha lango, mawingu, na mimi ninatabasamu. Yaliyobaki watu waliyamalizia wenyewe. Binti yetu akiwa darasa la nne aliandika insha juu ya mama mkubwa wake aliyefika kileleni Kilimanjaro, akapewa nyota ya dhahabu, na mimi nikaibandika insha kwenye friji. Sikusema uongo kwa mdomo. Niliubandika kwa sumaku.

Halafu rafiki yangu akanunua nyumba Blaine, mtaa mpya ambao miti yake bado imefungwa vijiti isianguke. Blaine bila gari huendi popote, na mimi kuendesha barabara kuu naogopa. Jumamosi zikaanza kuruka. Na katika kuruka kwake akaingia mwanamke wa Golden Valley, kitongoji kingine.

Yeye ni mtu wa Tanga, mdogo kwetu kwa miaka kumi, anafanya kazi kwenye yale maofisi yenye bwawa mbele na mabata maji yanayowakemea wafanyakazi. Mpole, msafi, mume mpole kama yeye. Na mlima aliupanda. Aliupanda kweli, na wenzake wa kazini, akapewa cheti, na cheti kiko ukutani kwake ndani ya fremu. Mtu aliyezaliwa usawa wa bahari ana cheti cha mlima wangu. Siku ya kwanza nilipokiona nilisema hongera mdogo wangu, nikaomba maji ya kunywa.

Alianzisha matembezi ya Jumamosi: kina mama wachache, kilima kimoja kila wiki. Daktari alikuwa amemwambia rafiki yangu kwamba goti lake linataka kutembea, siyo kukaa, kwa hiyo akajiunga. Kila Alhamisi alinipigia kuniita. Kila Alhamisi nilimwambia nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Jumamosi nilikaa jikoni nikimenya ndizi nyingi kuliko wanazoweza kula watu wawili, nikajiambia nimeachwa.

Majira ya kiangazi binti akachumbiwa. Harusi zetu, hata huku, haziendi bila kamati, sare na wasimamizi. Msimamizi wa bibi harusi ni mke wa mtu, mwenye ndoa iliyotulia; kanisani anasimama ubavuni mwake, anamshikia ua, anamtengenezea gauni, na baada ya hapo ndiye anayepigiwa simu siku ndoa ikipata homa. Nilijua ni mimi. Sikuambiwa, lakini nilijua, kama unavyojua kiti chako mezani. Nilishamwagiza mume wangu apunguze tumbo kwa ajili ya suti. Wiki zikapita. Nikiuliza habari za sare, rafiki yangu anasema, tutaongea, shoga. Nikiuliza wasimamizi, tutaongea. Kisha nikasikia yule wa Golden Valley amekwenda Dar na kurudi na sanduku zima la vitenge. Alhamisi hiyo simu ilipolia nikasema, Jumamosi nakuja.

Nilichukuliwa na muuguzi Mkenya ambaye ni mwanakikundi, mcheshi, anayeendesha gari kama ana mgonjwa nyuma. Tulikwenda kusini tukifuata mto, mwendo wa saa moja hivi. Kilima chenyewe, kwetu kisingepewa hata jina. Wangekiita pale juu kwa fulani. Lakini njia zake zilikuwa na fujo. Ramani iliyobandikwa pale maegesho ilikuwa imepaushwa na jua mpaka mistari yote ina rangi moja. Alama za rangi kwenye miti zilikuwa zimebanduka pamoja na magome. Nguzo zilikuwepo, zina mishale, ila ni mishale ya watu wa kuteleza kwenye theluji, ambao wao huzunguka kilima bila haja ya kufika juu. Na majani ya mialoni yalikuwa yameanguka yakafunika kila kitu, njia ya watu na njia ya kulungu zikafanana.

Rafiki yangu hakuwepo. Alipiga simu kusema zamu yake imerefuka, atachelewa kama nusu saa, tusimngoje. Alimpigia yule, si mimi. Yule akamwambia asihofu, atamwekea alama kila njia panda. Akiona kitambaa, njia ni hiyo. Akafungua buti la gari, akatafuta utepe wake wa kuwekea alama, hakuupata. Akasimama akifikiri kidogo. Kisha akatoa kitenge kipya kutoka kwenye mfuko, kijani chenye maua ya manjano, kingali na mikunjo ya dukani, akachukua mkasi wa sanduku la huduma ya kwanza, akaanza kukata vipande kutoka pembeni.

Mkenya akashika kiuno. "Ai, si hiyo ndiyo sare ya wedding? Yangu nili-pick Tuesday, iko kwa fundi."

Yangu. Mkenya, ambaye binti yetu hakumjua mpaka mwaka juzi, alikuwa na yake, na tayari iko kwa fundi. Mimi niliyemkata mtoto yule kucha, sare ya harusi yake naiona kwa mara ya kwanza ikikatwakatwa ndani ya buti la gari. Nilijifanya nafunga kamba za viatu. Macho yaliniuma kama mtu aliyechungulia sufuria ya pilipili.

Yule akanigeukia na upole wake wote. Akasema, "Dada, wewe milima unaijua kuliko sisi. Kaa nyuma utuchunge."

Baadaye niliambiwa kwamba ndivyo ilivyo mlimani: anayejua zaidi anakaa mwisho, ili asiachwe mtu. Ilikuwa heshima. Siku ile mimi nilisikia maneno mawili tu, kaa nyuma, na nilikaa.

Alitangulia yeye, Mkenya katikati, mimi mkiani. Kila njia ilipogawanyika alisimama, akafunga kitambaa kwenye tawi la usawa wa macho, fundo la kipepeo, kama utepe wa zawadi. Hata fundo lake lilikuwa zuri. Njia panda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbele yangu walikuwa wakizungumza habari za ukumbi wa Blaine na maua ya mezani, mambo ya kamati, na walipogundua kwamba nyuma kuko kimya walinipunguzia sauti, na hilo likaniudhi kuliko mazungumzo yenyewe.

Njia panda ya nne ilikuwa na matawi matatu. Nguzo yake ilikuwa imeanguka, mshale umeelekea ardhini. Wao wakapinda na kupotea nyuma ya miti. Nilisimama mbele ya kile kitambaa. Kipepeo kinafunguka kwa kuvuta ncha moja. Nikavuta.

Cha tano nikakifungua. Cha sita pia.

Nilijiambia ni dhambi kuacha sare ya mwanangu ikining'inia porini ilowe na umande. Nilijiambia atapiga simu. Katika hatua chache zile nilijiambia mambo mengi. Lakini sikusahau kwamba kuna mtu anakuja nyuma yetu. Nilitaka afike pale, asikione kitambaa cha yule, anipigie mimi simu, na mimi nishuke nimlete. Ndiyo hesabu yangu yote ilivyokuwa. Vitambaa nilivitia mfukoni na kuwafuata wenzangu.

Kileleni kulikuwa na jiwe bapa, benchi lililochorwa majina ya wapenzi, na mto chini ukipita kwenye mashamba yaliyovunwa. Mkenya alitoa chapati. Nilitazama simu yangu. Haikuwa na mtandao hata chembe. Nikamuuliza yake, naye akaniambia network huku ni story, ikishika ni bahati.

Tukangoja. Chapati zikapoa, upepo ukaanza kupenya kwenye sweta. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Mkenya akaacha utani. Yule wa Golden Valley alikuwa anatazama njia tuliyotokea, lakini bado ametulia.

"Amefuata vitambaa," alisema. "Hawezi kupotea."

Nikamega chapati nyingine. Nilikuwa na nafasi pale, na nafasi nyingine alipoinuka akasema basi tushuke wote tumtafute, tupite njia ile ile tuliyojia. Ningesema: kuna nguzo imeanguka, njia panda ya nne, hapo ndipo alipokwama, kwa sababu hivi hapa vitambaa. Maneno hayo yangechukua muda mfupi kuliko kumeza. Badala yake nilisema mimi ndiye wa nyuma, mimi nitamleta, wao wabaki akitokea upande mwingine. Yule akataka tuwe wawili. Mkenya akamzuia, akasema mwacheni, huyu ni mtu wa Kili.

Mtu wa Kili alipotea baada ya dakika kumi. Njia ya kupanda ukiishuka ni njia nyingine. Sikuona njia panda yoyote niliyoikumbuka. Niliona majani, miti, majani. Nikafuata kilichoonekana kama njia mpaka viatu vikazama kwenye kinamasi chenye matete, na kulungu mmoja akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyekosea mlango. Hapo nikaogopa. Nilijiogopea mimi kwanza, na sasa hivi tu ndipo naweza kuliandika hilo, kisha nikamwogopea yeye. Akilini nilimwona ameanguka. Nilimwona amekaa kwenye giza akisubiri simu inayogoma. Nikamwona binti akiulizwa mama yake alipotelea wapi, na mtu wa mwisho kupita pale alikuwa nani.

Nikarudi juu mpaka nikaona jiti lililovunjika nililolikumbuka. Nikatoa kitambaa kimoja nikafunga hapo, nisije nikaipoteza njia tena. Nikashuka. Kwenye mgawanyiko nikafunga cha pili. Vidole vikafunga vinavyojua kufunga. Cha tatu nilikifunga penye mwaloni uliopasuka, na mfuko ukawa mtupu.

Nilitaka kuita, nikashindwa niite nini. Kupiga ukelele kama wazungu kwenye filamu niliona haya, hata pale, hata mwenyewe. Nikafanya nilichofundishwa kufanya mbele ya mlango wa mtu. Nikapiga hodi.

Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, ndege. Ya tatu nikaivuta kwa kifua chote, na chini yangu, karibu kuliko nilivyodhani, sauti ikajibu, "Karibu."

Alikuwa amekaa juu ya gogo kando ya ile nguzo iliyoanguka, goti amelinyoosha, ametandika kanga chini yake. Ana chupa ya chai. Alinimiminia kwenye kifuniko kabla sijasema chochote, kama vile ni mimi niliyepotea. Nikamuuliza amekaa hapo muda gani. Karibu saa nzima, alisema. Vitambaa aliviona vitatu, halafu vikaisha. Akafikiri, aliyevifunga hana tabia ya kumwacha mtu, atagundua, atarudi. Akaona kutangatanga na goti lile ni ujinga. Akakaa.

Nilikunywa chai ile kwa shida. Alimwamini yule kiasi cha kukaa kwenye gogo saa nzima bila wasiwasi, na nikakuta kwamba hata katikati ya aibu yangu bado nina nafasi ya kuona wivu.

Tukaanza kupanda, mkono wake begani kwangu. Alikuwa mzito na alinukia dawa ya misuli. Tulipofika kwenye mwaloni uliopasuka akasimama kupumua, akakiona kitambaa. Akafurahi, akasema kumbe vinaendelea. Akanyoosha mkono kukigusa. Mkono ukabaki hapo hapo.

"Hili fundo lako," alisema.

Alikata mafundo yale kwa kisu miaka kumi na mitano; angeyajua akiwa amefumba macho.

"Vya kule chini vina kipepeo. Hiki chako." Alinitazama. "Ulivifungua?"

"Nilivifungua."

"Ukijua nakuja?"

"Nikijua."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Aliketi kwenye mzizi, akalikanda goti, akauliza kwa nini. Na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, nikaanza kulia kama mtoto aliyenyimwa sahani. Nikasema hata Mkenya ana sare na mimi sina. Nikasema Jumamosi zangu zimechukuliwa, mlima wangu umechukuliwa, sasa na mtoto. Nikasema usimamizi ulikuwa wangu na kila mtu anajua. Nilipofika hapo nikaona niyamwage yote: nikamwambia sijawahi kupanda Kilimanjaro, hata kidogo.

"Najua," akasema. "Ile picha umevaa sketi na viatu vya kanisani."

Akaacha nifute kamasi. Kisha akasema kile kitenge ni cha kamati. Mama wa bibi harusi havai cha kamati, ana kitambaa chake. Na kitambaa cha mama amekinunua vipande viwili, viko kabatini kwake Blaine tangu yule aliporudi nacho kutoka Dar. Alitaka niende nikakione nikiwa nimekaa, tunywe chai, si kwenye simu. Kila wiki aliniita. Kila wiki nilikuwa na kazi.

"Na msimamizi?" Nilishindwa kujizuia.

"Ni yeye na mumewe. Mwanao ndiye aliyechagua." Akanyoosha mkono nimwinue. "Mama hasimamii harusi ya mwanawe. Uliona wapi?"

Ningependa kusema nilifarijika. Nilifarijika, ndiyo, kitu kilishuka kifuani kama mzigo wa majani ukitupwa uani. Lakini sekunde ile ile lilipotamkwa lile neno, ni yeye, nilichomwa, na kuitwa mama hakukuzuia kuchomwa. Nilikuwa nimepewa kiti kikubwa na bado nilikuwa nakitazama kile kidogo alichokalia mwenzangu.

Juu, rafiki yangu aliwaambia alichoka akakaa. Goti, alisema. Mkenya akanipigia makofi, akasema hii ndio maana ya ku-hike na mtu wa Kilimanjaro. Rafiki yangu alitazama mto. Yule wa Golden Valley alipiga magoti kwenye lile jiwe, akampaka dawa, akamfunga bandeji, akaniangalia akasema asante dada, kwa sauti iliyokuwa karibu na machozi. Alikuwa amejilaumu muda wote, alisema. Alidhani amefunga vibaya.

Nikasema umefunga vizuri tu. Hilo ndilo pekee nililomwambia.

Tuliposhuka alikusanya vitambaa vyake, maana hapendi kuacha takataka porini. Kwenye kile cha kwanza, kwenye jiti lililovunjika, alivuta ncha na fundo halikufunguka. Akajaribu kwa kucha. Akalitazama. Akanitazama mimi, niliyekuwa nyuma kama nilivyopangwa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa mkasi, akakata. Cha pili na cha tatu hakujaribu hata kufungua. Alikata, akavikunja, akaweka mfukoni, na mpaka maegesho alizungumza na Mkenya habari za barabara.

Hajaniuliza mpaka leo. Na mimi sijamwambia. Tumekutana vikao vingi, tumekula pamoja, ananiita dada, na kila akiniita hivyo nafikiri leo nitasema.

Harusi ilikuwa mwezi Mei. Nilikaa safu ya mbele, kiti cha pili, kando ya rafiki yangu, sote wawili tumevaa kitambaa kimoja cha zambarau chenye nyuzi za fedha, mikono mirefu hadi kwenye kifundo cha mkono. Watu walitupa heshima ya mama wawili wa bibi harusi. Binti alipopita alinishika kidole. Nilikuwa na kila kitu.

Kina mama wa kamati waliingia na kijani chao, na wote walikuwa wameshona mshono mmoja, mabega ya juu na mikono mipana, isipokuwa msimamizi. Gauni lake halikuwa na mikono kabisa. Kanisa lilikuwa na baridi ya Mei yetu ya huku, na alipoinua ua la bibi harusi niliona ngozi ya mkono wake imesisimka. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba msimamizi amependeza, hiyo ndiyo fasheni. Mwingine akasema hapana, nilisikia kitambaa hakikumtosha.

Rafiki yangu alitazama mbele. Mimi nilijua kitambaa kilikwenda wapi, kipande kwa kipande, na mikono ipi iliyofungua vitatu kati ya hivyo. Mwanamke yule alisimama mbele ya buti la gari lake, akafikiri kidogo tu, akakata nguo yake mwenyewe kwa ajili ya goti la rafiki yangu. Mimi nimempenda rafiki yule miaka kumi na mitano, na ningeanza kwanza kutafuta kitu kingine cha kukata.

Nilikaa pale na mikono yangu mirefu, kwenye kiti cha mama, nikamwonea wivu hata lile gauni lisilo na mikono.